Sare ya Namba Tisa

Rosettenville, Jumatatu alasiri

Mwanangu Idrisa,

Salamu za kukujulia hali sina, maana upo chumba cha pili na nakusikia unavyohangaika na zipu ya begi. Nimefunga duka mapema. Nimekaa mbele ya cherehani nikiwa na kalamu badala ya mkasi, na karatasi mbili nimeshazichana. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza huwa naonekana mpole kuliko nilivyo, na Kizulu changu ni cha kununulia nyanya. Najua Kiswahili unakisoma polepole. Soma polepole hivyo hivyo. Usiipige picha barua ukaiachia simu ikutafsirie, maana simu haikukuzaa.

Mambo ya koti, soksi nzito na dawa ya kifua sitayagusa. Baba yako ameshakuandikia orodha, na mtu akiisoma atadhani unahamia kwenye barafu, siyo Ureno. Hata yule mzee Mreno wa duka la mikate pale kona ameiona akacheka. Ifuate tu, baba yako asiumie.

Mie nina jambo moja. Jumatano iliyopita, humu dukani, uliniambia kwamba hutacheza fainali ya mpira ya chuo chenu Jumamosi, nami nikakujibu kuwa ukiwaacha wenzako siku hiyo, basi radhi zangu usahau. Nilisema mbele ya Bi Zuhura, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, aliyekuwa amesimama hapa napima gauni lake. Kesho asubuhi unakwenda kupanda ndege. Neno lile mbele yako bado halijaondolewa, na kwa kuwa niliyelisema ni mie, kazi ya kuliondoa ni yangu.

Nianze na sare. Timu yenu ilipoingia fainali, nilisimama kwenye kikao cha chama nikasema akina mama wote twende uwanjani, tena twende na sare. Hakuna aliyeniomba. Unawajua wanawake wa kwetu, shughuli isiyo na sare kwetu si shughuli. Harusi tumeshona, maulidi tumeshona, hata siku ya kumpokea Bi Zuhura kutoka Hija tulishona. Mpira ndio hatukuwahi, na nikajiona nimebuni kitu. Kitenge cha bluu na njano, rangi za chuo chenu, na mgongoni namba tisa ya jezi yako kwa kitambaa cheupe. Wanawake ishirini na sita. Wewe sikukuuliza.

Nilishona wiki tatu. Wiki ya kwanza ulikuja hapa jioni ukasimama mlangoni, ukasema, "Mama, kuna kitu nataka tuongee." Nikakwambia hebu shika hapa, nikakupa upande mmoja wa kitambaa nikate. Ukashika. Tulipomaliza nikakutuma uzi. Wiki ya pili ukaja tena, nikakutuma mjini kwa yule muuzaji wa jumla ukachukue jora jingine, maana kitenge kilikuwa kimepungua. Ukalibeba begani mpaka kituo cha teksi, ukaliingiza ndani ya teksi huku watu wanagomba, ukaniletea. Nikasema Mungu akubariki, nikaendelea na kazi. Hata sikukuuliza tena ni kitu gani ulichotaka tuongee.

Jumatano hukusimama mlangoni. Uliingia mpaka ndani, ukamwamkia Bi Zuhura shikamoo, ukasema, "Mama, Jumamosi sichezi."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa. "Unaumwa?"

"Hapana. Klabu ya Ureno inataka nifike mzima. Siku ninayofika wananipima magoti, vifundo, kila kitu. Nikiumia Jumamosi, mkataba hakuna."

"Na wenzako?"

"Nimeshaongea nao."

"Na akina mama hawa?" Nikakuonyesha magauni yaliyoning'inia ukutani.

Ukayatazama magauni, kisha ukanitazama mie. "Eish, Mama," ukasema, basi.

Hiyo eish ndiyo iliyoniwasha. Ungeniambia maneno kumi ningekuwa na la kujibu, lakini umenipa neno moja la hawa vijana wa hapa, nikaona umenidharau. Nikasema lile nililosema. Bi Zuhura akaniambia, "Mama Idrisa, neno hilo rudisha." Nikasema silirudishi. Wewe ukamuaga yeye, ukaniaga na mie, ukatoka. Hata mlango hukuubamiza, na hilo nalo liliniudhi.

Nataka ujue nilikuwa nafikiria nini, maana tangu siku ile umekuwa ukinitazama kana kwamba nilikuwa na hoja kubwa. Sikuwa nayo. Sikufikiria goti lako hata kidogo. Nilifikiria kikao cha mwisho wa mwezi, jinsi nitakavyoingia na watu watakavyonyamaza. Wewe umezaliwa hapa, huenda hulioni hili. Sisi tulikuja mji huu bila shangazi wala mjomba. Akifa mtu, wanawake wale ndio wanaoosha, ndio wanaopika, ndio wanaochangishana mwili urudi Tanga. Nikikosana nao mie ni nani? Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu, nawe umesimama mbele yangu unazungumzia maisha yako.

Sasa nikupe ile hadithi yangu ya netiboli, na safari hii nikupe nzima. Umeisikia tangu ukiwa mdogo. Mama yako alikuwa mfungaji wa timu ya kiwanda cha kamba kule Tanga, akapata nafasi ya kwenda Dar es Salaam, akakataa kuondoka kabla ya fainali ya viwanda, wakacheza, wakachukua kombe. Huwa naishia hapo. Wewe na wenzako wa mtaani mkirudi mmefungwa goli nne, nilikuwa nawapa maandazi na hadithi hiyo. Mnakula, mnasikiliza, mnaona mama ni shujaa.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya chuo cha ushonaji, miaka miwili, na bweni. Barua ilisema niripoti Jumatatu. Fainali ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Meneja wa kiwanda akatuita ofisini kwake, akatuita "mabinti zangu", akasema anatutegemea. Hakunilazimisha. Mama yangu hakunilazimisha, yeye sanduku langu alikuwa ameshalifunga kwa kamba. Aliyeogopa ni mie. Niliogopa wasichana wa timu watasema najiona, kwamba nimeitwa Dar na sasa wao wananuka mkonge. Nikatuma salamu chuoni kwa mtu aliyekuwa anasafiri, kwamba nitachelewa siku chache.

Tukashinda. Meneja akampa kila mmoja wetu chupa ya chai, tukapigwa picha. Nilifurahi siku ile, Idrisa, hilo nalo ni kweli, na wale wasichana nawapenda mpaka leo. Wiki iliyofuata nikaenda Dar, nikakuta kitanda changu kina mtu. Mama mmoja wa ofisini akaniuliza nilikuwa wapi Jumatatu. Nikamwambia nilikuwa na mechi. Hakucheka wala hakunigombeza, alinirudishia barua yangu tu na kumwita anayefuata. Nikalala kwa shangazi siku mbili, nikarudi Tanga, nikasema chuo kimejaa. Baba yako mwenyewe mpaka jana alikuwa anajua chuo kilijaa. Mwaka haukuisha, kiwanda kikapunguza watu. Katika timu yetu walibaki wawili. Safari hiyo meneja hakutuita ofisini, majina yalibandikwa getini.

Kushona nilikuja kujifunza huku, nikiwa na mimba yako, kwa fundi mmoja Mkongo pale mjini, nikikaa chini kwenye sakafu nakunja pindo za suruali za watu. Sisemi maisha yangu yaliharibika. Nimekula, nimejenga vyumba vitatu kwetu, nimekupata wewe. Wala sisemi netiboli yangu ni sawa na mpira wako, mie nilikuwa najua kurusha tu, wewe una kipaji. Nasema kwamba hadithi niliyokulea nayo niliikata pale ilipokuwa inaniumbua, na Jumatano nikakutaka uishi kile kipande kilichobaki. Nilikuwa najua mwisho wake. Wewe ulikuwa hujui, na bado ukachagua vizuri kuliko mie.

Jumamosi nilitaka kubaki nyumbani. Asubuhi Bi Zuhura akapiga simu. "Mama Idrisa, sare imeshonwa, itavaliwa. Tumesimama kwenye robot ya kona yenu, taa ikiwa kijani tunafika. Toka nje." Akakata. Nikatoka, utamfanya nini Bi Zuhura.

Basi tukapanda jukwaani wanawake ishirini na sita na namba tisa mgongoni, na namba tisa mwenyewe kavaa traksuti, yuko pembeni ya uwanja anagawa chupa za maji. Nyuma yetu walikaa wanaume wawili. Mmoja akaisoma migongo yetu, akacheka, akauliza kwa Kiingereza, "Kina mama, namba tisa wenu yuko wapi leo?" Mwenzake akajibu kwamba ameshaanza kunusa euro, na akakuita lile jina wanalomwita hapa mtu aliyewauza wenzake. Alilisema kwa sauti. Ukageuka, ukatazama jukwaani, na nikaona kabisa macho yako yananitafuta kwenye ile bluu na njano.

Aliyejibu ni Bi Zuhura, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Namba tisa yule pale. Anawapa wenzake maji. Wewe leo umempa nani maji?" Watu wakacheka. Mie nilikuwa natengeneza mtandio wangu. Mtandio haukuwa na tatizo lolote. Jumatano nilikuwa na mdomo wa kukunyima radhi, na Jumamosi sikuwa na mdomo wa kumwambia mtu nisiyemjua kwamba yule ni mwanangu. Katika yote, hili ndilo ninaloona aibu nalo zaidi.

Mkafungwa mbili kwa moja. Tulipokuwa tunashuka, nahodha wenu Thabo akaja kutusalimia. Macho mekundu, jasho limemganda usoni, lakini kaja. Nikamwambia pole, mwanangu, na samahani kwa Idrisa. Akashangaa.

"Samahani ya nini, Mama? Idrisa alituambia siku ile ile aliposaini. Tulikaa wote. Wengine tulikasirika, na mimi nilikasirika. Halafu tukaelewana. Kila siku alikuwa anabaki baada ya mazoezi kumfundisha aliyechukua nafasi yake, na goli letu kafunga huyo." Kisha akasema, kama mtu anayetoa taarifa ya kawaida, "Aliyebaki hajaambiwa ni wewe. Alisema kila akija kukwambia, unashona."

Nikaenda kukaa kwenye teksi nikiwa wa kwanza. Nikakumbuka kile kitambaa ulichonishikia nikate. Nikakumbuka uzi. Nikakuona unatoka kituo cha teksi na jora begani, kumbe umebeba kitambaa cha kumshangilia mchezaji ambaye ulishajua hatakuwepo, na mchezaji mwenyewe ni wewe. Jumatano ungeweza kunirushia hilo usoni. Ungeweza kusema nimekujia mara mbili, Mama, umenituma dukani. Mbele ya mwenyekiti wangu ungenimaliza. Hukusema, ukanihifadhi, na mie wakati huo huo nakunyima radhi.

Kosa lako nalo lipo, usidhani kwa kuwa nalia nimelisahau. Ungeizima cherehani. Swichi ipo ukutani, mkono wako unaifikia bila kunyanyuka. Huko unakokwenda utakutana na watu wanaokupenda kweli na wana kelele nyingi, wameshakushonea mambo bila kukuuliza. Wazimie, useme siku ya kwanza. Mie ningekasirika siku mbili, lakini nisingekuwa nimeshona magauni ishirini na sita.

Na hiyo klabu. Sina ubaya nayo, sijawahi hata kuiona. Wakikuita mwanetu, itikia vizuri na kazi yao ifanye vizuri. Lakini siku goti likiuma, sema linauma, hata kama jukwaa zima limevaa namba yako. Ukikosa kusema kwa kuogopa watu, watu wenyewe jioni watakwenda kula, wewe utabaki na goti. Sikwambii kwa kuwa nimelisoma mahali, mie mwenyewe nilirudi Tanga na barua yangu mkononi.

Sasa nikwambie kwa nini naandika badala ya kukuita tukae. Jana mchana ulikuwa jikoni na baba yako, mkadhani niko dukani. Nilikuwa kwenye korido na kapu la nguo. Ukamuuliza kwa Kiingereza, sauti ya chini, "Baba, Mama alimaanisha? Lile la radhi?"

Nikalishusha kapu chini. Siku zote nimedhani wewe mtoto wa hapa, unayeota kwa Kizulu, ukisikia radhi unasikia neno la wazee tu, mojawapo ya maneno ninayopigia kelele. Baba yako akakwambia, "Muulize mwenyewe."

Ukasema, "Naogopa jibu."

Wewe, mwenye urefu wa kuinama ukipita mlango wa duka hili, beki wa miraba minne humuogopi, unaogopa jibu langu. Nilirudi dukani na kapu langu, nikalia, nikanawa uso, nikaweka zipu kwenye sketi ya mteja. Imekaa upande, itabidi niifumue.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Bi Zuhura. Nilimwomba awaite akina mama wanaoweza kufika, wakafika saba, wengine wameacha biashara zao mezani kwa majirani. Nikawaambia neno nililolisema mbele ya mwenyekiti wangu nimekuja kulitengua mbele yenu, lilikuwa neno la hasira na la kuogopa nyinyi. Nikawaambia na la Jumamosi, kwamba mtoto wangu alitukanwa nikashika mtandio. Nilidhani watanyamaza, kile nilichokuwa nakiogopa. Bi Zuhura akasema, "Sisi dua tulishamwombea tangu juzi tukirudi uwanjani. Uliyekuwa unangojwa ni wewe." Halafu akauliza kama umeshapata koti, na kikao kikawa cha koti.

Kesho mlangoni nitataka kukwambia kwa mdomo wangu. Najijua, huenda nikaanza kugomba habari ya begi zito na saa ya kuondoka, maneno yenyewe yakanikwama. Basi yawe hapa kwa mwandiko wangu. Mie mama yako mzazi nimekuridhia. Ulipokataa kucheza ulifanya sawa, na hata ungekuwa umekosea ningekuridhia. Nimekuridhia kwa mimba niliyoibeba na maziwa niliyokunyonyesha, duniani na akhera, ukifunga na usipofunga, wakikuweka au wakikurudisha. Jibu ulilokuwa unaliogopa ni hilo.

Nami nakuomba unisamehe, kwa neno la Jumatano na kwa kimya cha Jumamosi. Usijilazimishe. Kama mpaka kesho asubuhi moyo wako haujakubali, panda ndege hivyo hivyo, nenda kacheze. Radhi zangu hazingoji msamaha wako.

Ni mie,
Mama yako